Sura ya Saba: Miguu Isiyo na Uso

Jalada lilikuwa limekwisha kushonwa. Kilichobaki ni saini ya Afande, na mkuu wa kituo alikuwa amepita mlangoni kwake akijifanya anatafuta kikombe. Alipopita tena hakujifanya. Alisema mwendesha mashtaka anataka jalada kabla ya mchana, mshukiwa yuko mahabusu, na ushahidi uko kwenye video ambayo watoto wake mwenyewe wanaicheza sebuleni mpaka wanakemewa. Sasa Afande anangoja nini, malaika ashuke?

Afande alijibu kwamba anamngoja mdogo wake.

Mkuu alikunja uso kama mtu aliyetafuna jiwe kwenye wali, kisha akaondoka bila kikombe.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi, na kilichomkosesha Afande raha ni wepesi huo. Mchezaji wa video za muziki, binti ambaye kila mtu alimwita Kiberiti kwa jinsi alivyowaka muziki ukianza, alikutwa amekufa chini ya shimo la lifti katika jengo ambalo halijamalizika. Jengo lilikodishwa na watu wa video. Wanalipenda jengo la namna hiyo. Siku hizi ufukara ni pambo: msanii anashuka kwenye gari la kukodi, anasimama mbele ya ukuta usiopigwa lipu, na watazamaji wanaambiwa huo ndio mtaa wake. Waliokulia kwenye kuta hizo hawaalikwi hata kushika waya.

Dairekta, msanii na mpambaji walikuwa wametoa maelezo yanayofanana kama sare za shule. Onyesho la ngazi ndilo lililopigwa mwisho. Kiberiti alishuka mpaka kidato cha chini, salama, na kila mwenye macho anaweza kumwona kwenye video. Kazi ikaisha, wakafunga vyombo, wakaondoka. Aliyebaki kubomoa jukwaa ni fundi seremala wao, na Kiberiti akabaki kumsubiri, kwa kuwa walikuwa wachumba. Mchana ule walikuwa wamegombana mbele ya watu wote. Funguo za geti alikuwa nazo fundi. Maiti ilikutwa miguu mitupu, na mkuu wa kituo aliona hilo linatosha: mwanamke havui viatu mbele ya mgeni.

Fundi alikana. Alisema ugomvi wao ulihusu ukingo. Ngazi za jengo lile hazina kitu pembeni, ukiteleza unaangukia ngazi za chini, kwa hiyo yeye alipiga ukingo wa mbao. Dairekta akaamuru ung'olewe kwa sababu unaziba miguu. Fundi akagoma, na Kiberiti mwenyewe akamjia juu: asimharibie kazi, wakimtoa hapa hataitwa tena. Basi akaung'oa kwa mikono yake. Baadaye akatumwa mafuta ya jenereta, na aliporudi akaambiwa mchumba wake amenuna, amekwenda zake nyumbani. Dairekta alisema ukingo huo haujawahi kuwepo. Afande alikwenda akakuta matundu ya misumari kwenye vidato, lakini tundu halisemi limetobolewa lini.

Kulikuwa na sentensi moja zaidi kwenye maelezo ya fundi. Karani alikuwa ameiwekea alama ya kuuliza, na mkuu akasema hiyo ni bangi: "Nilipotoka wimbo ulikuwa unakimbia, niliporudi ulikuwa unatembea."

Mdogo wake Afande aliingia akiwa na vumbi la chaki kwenye mkono wa shati. Alifundisha chuoni somo la habari na picha, na nyumbani kwao hilo lilikuwa utani usioisha. Marehemu baba yao alikuwa akiwaambia wageni: huyu nimemlipia ada ya chuo atazame televisheni, na ile ya sebuleni ilikuwa bure.

"Dada, nimeacha darasa," alisema.

"Darasa la watu wanaotazama viuno. Vitasubiri."

"Viuno ndiyo mtihani wenyewe."

Afande alimgeuzia kompyuta. Mwalimu alitazama video mara moja na sauti, kisha akaomba sauti izimwe. Alisema sauti ndiyo inayomlewesha mtu. Video ya muziki haina mpangilio wa siku. Ina mpangilio wa wimbo. Kinachoonekana mwisho huenda kilipigwa kwanza, kwa sababu gari la kukodi lazima lirudi mapema. Mapigo ya ngoma yanashona vipande, na mtazamaji anadhani ameona kitu kimoja kilichotokea kwa mkupuo.

Afande akamwambia hilo analijua. Hata dairekta alilikubali bila kusukumwa. Anachotaka kujua ni ngazi tu.

"Basi nivumilie, maana ngazi ziko ndani ya kanuni." Mwalimu alivuta kiti. "Kazi ya kwanza ya video ni kuuza uso wa msanii. Kila ubeti, lazima atugeukie na kutuimbia. Huo ndio mzigo dukani. Mchezaji mkuu ana kazi tatu: msanii amtazame, yeye atutazame sisi, halafu akatwekatwe. Kiuno, paja, midomo, kisigino. Wanafunzi wangu nawapa zoezi wajaribu kumtambua mchezaji mmoja kwa picha alizopewa. Wanashindwa."

Afande alimwuliza hilo lina ubaya gani, si ndivyo zilivyo zote.

Ndivyo zilivyo zote, mwalimu alijibu, na hapo ndipo pabaya. Wenye umri wanakumbuka enzi mpiga picha alisimama mbele ya bendi nzima, kila mtu akapata uso wake, hata mpiga manyanga, hata yule wa pembeni aliyekuwa akisahau maneno. Halafu zikaja hizi akili mpya. Msanii akabaki na kichwa, wenzake wakagawanywa kama nyama buchani. Mwisho wa video hii wameshukuriwa mwenye gari, wauza pombe na kinyozi wa msanii. Kinyozi. Binti aliyekufa hakuandikwa popote, na video ilitolewa haraka kwa maelezo kwamba ni kumuenzi.

Mwalimu alirudisha picha nyuma. Alimwonyesha dada yake msanii akitazama kando garini, na mara uso wa Kiberiti ukajaa kioo. Akamwonyesha getini: msanii anatazama, Kiberiti anajibu. Juu ya paa vilevile. Kisha ngazi. Msanii amesimama chini, mbele, anaimba. Moshi unapanda taratibu. Anageuza kichwa na kutazama juu.

Kikaja kipande cha balbu.

"Katazama binti, kajibiwa na taa," alisema mwalimu.

"Labda ni taa nzuri."

"Dada, hakuna mtu aliyempamba msichana asubuhi nzima halafu akaonyesha balbu. Jicho likitazama, lazima tuone lilichotazama. Hii si sanaa ya juu, hata video za harusi zinajua. Hapa uso ulitakiwa na haukuwepo."

Baada ya balbu miguu ilishuka. Sketi nyekundu, viatu virefu vya fedha, kidato kwa kidato mpaka chini. Hakukuwa na uso, wala kiuno. Na msanii, ambaye kabla ya balbu alikuwa akitufungulia mdomo mpaka meno ya nyuma, sasa alionekana kisogo na kofia, ilhali wimbo ulikuwa umefika kwenye mstari unaoimbwa na kila mtoto mjini.

"Umewahi kuona mwenye duka akafunika bidhaa saa ya wateja?" mwalimu aliuliza. "Kwa nini asimame mgongo kwenye mstari huu?"

Afande alinyanyuka, akaenda dirishani, akarudi. Alikuwa hawezi kukaa tangu asubuhi. Alimwambia mdogo wake aanze tena, kutoka kwenye moshi. Kituoni walimwita Mama Tena kwa siri, na siri hiyo alikuwa anaijua.

Mwalimu akaanza tena. Alimwonyesha moshi ulivyokuwa mzito, sketi ilivyoelea kama iko majini. Mwendo wa polepole. Lakini midomo ya msanii, pale kabla ya balbu, ililingana na maneno sawasawa. Akauliza dada yake haoni ajabu? Kila kitu kimepunguzwa kasi, isipokuwa maneno.

Afande alikiri kwamba hakuwahi kuliwaza.

"Hakuna anayeliwaza, ndiyo maana linapendeza. Siku ya kupiga picha wimbo unachezwa mbio. Maradufu. Msanii anaimba mbio, mchezaji anacheza mbio, wote kama wamekanyaga siafu. Baadaye picha inapunguzwa, midomo inarudi mahali pake kwenye wimbo, na nguo ndiyo inaelea."

Mkono wa Afande ulikwenda kwenye jalada. Alifungua ukurasa wa maelezo ya fundi, akaweka kidole chini ya sentensi yenye alama ya kuuliza, akamsukumia mdogo wake.

Mwalimu alisoma. Akasoma tena. "Nani kasema hivi?"

"Aliye ndani."

"Na mlimwuliza maana yake?"

"Tuliandika kwamba alikuwa amevuta."

Walilipanga pamoja, Afande akitembea, mwalimu akichora kwenye meza kwa kidole. Wimbo unaokimbia ni onyesho la ngazi, kwa sababu hakuna onyesho jingine lililopunguzwa kasi kwenye video nzima. Fundi aliondoka ngazi zikipigwa. Aliporudi wimbo ulikuwa unatembea, maana yake kamera ilikuwa bado inafanya kazi, na onyesho la mwisho kwa kauli ya dairekta mwenyewe ni hilohilo la ngazi. Kwa hiyo onyesho moja lilipigwa kwa kasi mbili. Nusu ya pili walisahau kuuharakisha wimbo, midomo ikawa hailingani, na ndiyo maana tunaonyeshwa kisogo.

"Watu hawa kazi yao ni hii," alisema Afande. "Wanasahauje?"

"Hapo ndipo ninapoishia, dada. Mimi nasoma picha. Kwa nini mkono ulitetemeka, hilo ni lako."

Mkuu wa kituo alikuwa mlangoni tena. Afande akamwambia hatasaini, na kabla hajajibiwa alikuwa amechukua funguo za gari.

*

Mhariri wa video aliitwa Mkasi, na alifanya kazi kwenye chumba cha nyuma cha duka la kuchapisha kadi. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi, feni ilizunguka bila kuleta upepo, na Mkasi mwenyewe, mtu mnene wa makamo, alikuwa akitikisa goti hata kabla Afande hajataja lililomleta. Alisema yeye hafiki kwenye kupiga picha. Analetewa, anakata, anarudisha.

"Mkasi hauulizi kitambaa kimetoka wapi," alisema.

"Polisi anauliza. Kwa nini uliweka balbu?"

Mkasi alijibu kwamba alihitaji kitu cha kujaza.

"Kwa nini hukuweka uso?"

"Haukuwepo."

"Tena."

Goti lilisimama. Mkasi akasema uso ulikuwepo, mfupi. Dairekta alikuja mwenyewe, akasimama nyuma ya kiti, akaamuru ufutwe. Akafuta. Akapaona pana pengo, akauliza aweke nini, akaambiwa aweke chochote, hata mavi. Dairekta hakuwa mtu wa kusema hivyo, alikuwa mtu wa miwani na tafadhali.

Afande alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti yakikaribia kugusana, akamwambia kwa upole kwamba kuna mtu anapelekwa kushtakiwa kwa mauaji leo. Mtu huyo ni fundi. Anamfahamu?

Mkasi alisema anamfahamu. Ndiye aliyempigilia hizi rafu za ukutani.

Aliigeukia kompyuta.

"Mimi sifuti kabisa," alisema Mkasi. "Madairekta hurudi wakilia. Leo wanasema toa, kesho wanasema rudisha. Vya kutupa naviweka kando."

Alichomeka diski, akafungua. Kipande cha kwanza kilianza na ngazi tupu zenye moshi. Msanii akaingia mbele, akaanza kuimba mbio, mdomo ukipigapiga kama wa kuku. Juu akatokea Kiberiti. Uso wake ulikuwepo, wazi, mkubwa, anacheka kwa sababu kasi ile inachekesha kila mtu, na pembeni mwa ngazi hapakuwa na ukingo. Alishuka akikimbia kwa viatu vya fedha, mikono hewani kama alivyoagizwa. Kwenye kona kisigino kilikosa kidato. Alitoka nje ya picha upande wa kulia, bado nusu anacheka.

Kamera ikayumba, ikainama, ikatazama juu. Ikaganda kwenye balbu.

Afande aliiacha balbu iendelee mpaka kipande kikaisha chenyewe. Hiyo ndiyo balbu iliyo kwenye video, inayochezwa majumbani na kwenye maharusi. Mpiga picha alikuwa dairekta mwenyewe. Aliibwaga kamera chini na kukimbia, na kamera ikaendelea kufanya kazi peke yake.

Aliuliza sauti iko wapi.

"Hakuna," alisema Mkasi. "Kwa mwendo huo kamera hii ni bubu. Hata ingekuwa na sauti, sisi sauti ya pale tunaitupa. Wimbo ndio unaobaki."

Kipande cha pili kilianza kabla ya wakati wake, kama vinavyoanza vipande watu wakiwa na haraka. Mwanamke alikuwa amekaa kwenye kidato, aproni ya mifuko yenye brashi bado kiunoni, anajikaza kuingiza mguu kwenye kiatu cha fedha. Kiatu kilikataa. Akakisukuma kwa kidole gumba. Mkono wa mtu asiyeonekana ukamtupia sketi nyekundu, akaivaa juu ya suruali aliyokuwa ameikunja, akavua aproni. Akasimama, na kamera ikashuka mpaka alipobaki miguu.

"Uliona hiki, na bado ukakata," alisema Afande.

Mkasi alisema alidhani mchezaji amebadilishwa. Hubadilishwa kila siku. Anayeumwa, anayechelewa, anayedai chakula. Hakuna mtazamaji aliyewahi kulalamika. Miguu ni miguu.

Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayesema maji yanateremka bondeni. Na alikuwa sahihi. Kanuni hiyo haikutungwa kwa ajili ya kuficha maiti. Ilikuwepo tayari, imezoeleka, inafundishwa, inashangiliwa. Watu wakishakubali kutazama binti asiye na kichwa, huhitaji kazi kubwa kumwondoa aliye na kichwa.

Afande aliandika hati ya kuchukua kielelezo, akamsainisha, akaweka diski kwenye bahasha na kuibana kwa utepe mbele ya macho yake. Mlangoni Mkasi alimuuliza kama naye atakamatwa. Afande akamwambia asisafiri.

*

Mpambaji aliletwa kituoni kabla ya mchana. Alikuwa mwanamke mrefu, mfupa mpana, kucha zimepakwa vizuri, na alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja basi. Alirudia maelezo yake yale yale bila kukosea neno. Afande alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tena," alisema.

Mpambaji akarudia. Safari hii alikosea, akaweka kufunga vyombo kabla ya ngazi, akajirekebisha.

Afande alimwambia avue kiatu cha kulia. Mpambaji alimtazama askari wa kike aliyesimama mlangoni, akavua. Ngozi nyuma ya kisigino ilikuwa na jeraha linalokauka, na kidole kidogo kilikuwa na lengelenge lililopasuka.

Afande hakuuliza lolote juu ya kidonda. Alimwekea kompyuta, akamchezea kipande cha pili, sehemu ile ya aproni. Mpambaji aliona mguu wake mwenyewe ukikataliwa na kiatu cha mtu mwingine, akaweka mikono usoni. Alipoiondoa, rangi ya kope ilikuwa imeshuka mashavuni, na yeye ndiye aliyezoea kufuta za wenzake.

Alianza kusema haraka. Kiberiti alianguka kwenye ngazi za chini, kichwa kikagonga pembe ya zege. Hakutokwa na damu nyingi. Dairekta alimpima mkono akasema anapumua, amezimia tu, hata wacheza mpira huzimia. Msanii alikuwa na ndege ya kuwahi na asingerudi tena. Kilichobaki ni kipande kidogo, cha miguu tu, na video haiwezi kuwa na ngazi zenye mtu anayeanza kushuka asifike. Wakikimaliza, ndipo wampeleke hospitali. Dairekta akatazama miguu ya mpambaji. Wakamlaza binti pembeni, nyuma ya kitambaa cheusi cha kuzuia mwanga.

Muziki ulianzishwa na dairekta kwa simu yake, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na mkono wa kushika kitu. Akabonyeza wimbo wa kawaida. Wote watatu walikuwa wakifanya kazi hii miaka mingi, na hakuna aliyeona kosa mpaka waliporudi mjini, wakabaki na kisogo tu cha kutumia.

Afande aliuliza fundi alirudi saa ngapi.

Wakiwa katikati, alisema mpambaji. Akaambiwa mchumba wake amenuna akaondoka. Akatia mafuta kwenye jenereta, taa zikapata nguvu, akaambiwa aende kuanza kubomoa jukwaa la juu ya paa. Walipomaliza na kurudi nyuma ya kitambaa, Kiberiti hakuwa anapumua. Dairekta na msanii walimbeba mpaka kwenye shimo la lifti, wakamtupa. Nyundo ilikuwa ikisikika juu muda wote.

Hilo liliendana na ripoti ya daktari aliyepima maiti, ambaye aliandika kwamba majeraha mengine hayakutoa damu, kama ya mtu aliyekwisha kufa, na mkuu akasema daktari huyo hupenda kujionyesha.

"Ulipomvua viatu," alisema Afande, "alikuwa bado amezimia?"

Mpambaji alitazama kucha zake.

"Nakuuliza wewe uliyemshika mguu."

"Aliniambia nianze na wa kushoto," alisema mpambaji. "Wa kulia ulikuwa unamuuma."

Askari wa kike mlangoni alihamisha uzito kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Afande aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa, akayasoma kwa sauti ya kawaida, akampa mpambaji kalamu.

Mkuu wa kituo alisoma karatasi akiwa amesimama. Aliuliza kama ni lazima msanii naye. Aliuliza tena kwa maneno mengine, akitaja umaarufu, akitaja vijana watakavyojaa nje ya geti. Afande alimwomba magari mawili na watu wasio na simu mikononi, kwa sababu dairekta alikuwa kazini wakati huo huo, anapiga video ya mtu mwingine. Mkuu akatoa magari.

Kabla ya kuondoka, Afande alishuka mahabusu mwenyewe. Angeweza kumtuma mtu.

Fundi alitolewa akiwa ameshikilia suruali kwa mkono, maana mkanda ulikuwa kaunta. Askari wa zamu alimrudishia mkanda, tepu ya kupimia, kamba za buti. Afande alimweleza kwa mfuatano, kuanzia kasi ya wimbo mpaka kwenye shimo la lifti, kama anavyoeleza mahakamani. Fundi aliinamia buti zake, akafunga kamba. Alipofika pale kwenye mafuta ya jenereta akasimamisha mikono.

"Niliporudi," alisema, "alikuwa hai?"

Lipo jibu la kiofisi kwa swali kama hilo. Upelelezi unaendelea.

"Alikuwa hai."

"Nyuma ya kitambaa cheusi."

"Ndiyo."

"Kile kitambaa nilikitundika mimi." Alimaliza kufunga buti moja, akaanza nyingine. "Na waliomvua viatu, wakampa nani avivae?"

Afande alimwambia.

"Lakini yule ana mguu mkubwa."

"Vilimbana. Ametokwa na malengelenge."

Fundi alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali kipimo alichokataa mwanzo. Askari wa zamu alijifanya anapanga vitu kwenye droo.

"Huyu mwenzako hapa alinionyesha ile video kwenye simu yake," alisema fundi. "Juzi. Nikamwomba airudie pale kwenye ngazi. Nikaona anavyokanyaga, hatua nzito, hana raha kabisa, si yule ninayemjua mimi. Nikajua ni kwa sababu tuligombana. Nikasema, huyu bado amenuna."